Uvumilivu Usionyamaza

Katika makanisa yetu mahubiri ya uvumilivu mara nyingi humwangukia asiye na pa kusemea. Mama anayepigwa na mumewe huambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Kijana aliyefanya kazi bila kulipwa huambiwa amwachie Mungu. Mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji huombewa, huwekewa mikono, kisha hurudi nyumbani na shamba bado liko kwa mashemeji. Nimeyasikia mahubiri hayo tangu nikiwa Shule ya Jumapili, na kadiri ninavyozidi kusoma Maandiko ndivyo ninavyozidi kuyakataa. Paulo alipomwandikia Timotheo akimtaka awe tayari kuumia pamoja naye kama askari aliye vitani, alikuwa kifungoni Rumi, tena alifungwa kwa kuwa alikataa kufunga mdomo. Taabu aliyomwalika kijana wake aishiriki ni ile inayomkuta mtu akiwa kazini kwa Bwana wake, akisema na kutenda alichotumwa.

Tena wahenga wametuzoesha kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwa mambo ya shambani na ya malezi, usemi huo una kweli yake. Lakini mwanafunzi wa Kristo hakuahidiwa mbivu upande huu wa kaburi. Wapo waliovumilia hadi mwisho na hawakuionja hata moja, na imani yao haikuwa na kasoro kwa sababu hiyo. Mmoja wao ni Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo mahubiri yetu hulikwepa: mtu anavumiliaje bila kunyamaza, na anasemaje bila kuchukia?

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Sudan. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mbuzi na ng'ombe, na shule aliianza akiwa amechelewa, kama ilivyokuwa kwa wengi wa kizazi chake. Alisomea ualimu Boroboro, karibu na Lira, akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mwezi Januari 1948, akiwa kijana wa miaka 25 au 26, aliongoka kupitia wahubiri wa uamsho waliofika kijijini, mtu na mkewe. Mwaka uliofuata alikuwa tayari chuoni Buwalasi akisomea uchungaji.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa maana bila kuuelewa uamsho ule hatutaelewa kilichotokea miaka 29 baadaye. Mwaka 1929, daktari Mwingereza, Joe Church, na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto uliotokana na urafiki huo ulishika Gahini nchini Rwanda, ukaingia Kigezi na Ankole, ukavuka hadi Bukoba, Dodoma na nyanda za juu za Kenya. Waliookoka waliitwa Balokole, na wimbo wao wa Tukutendereza ungali unaimbwa hadi leo katika misiba na mikutano yetu. Lakini alama yao kubwa ilikuwa kutembea katika nuru. Walikutana kila juma, mchungaji na mpishi wake, Mzungu na Mwafrika, mke na mume, na kila mmoja alisimama akataja dhambi yake kwa jina: nilimwibia mwajiri wangu sukari, nilimwonea wivu ndugu huyu, nilimdharau mke wangu. Aliyeiba alirudisha. Aliyekosana na mwenzake hakupewa nafasi ya kusali mpaka wapatane.

Mambo hayo yalikuwa na makwazo yake. Walikuwepo waliowalazimisha wengine kuungama, na walikuwepo waliojiona watakatifu kuliko kanisa zima. Hata hivyo, ukimweka mtu kwa miaka mingi katika ushirika ambamo kila juma anasema kweli kuhusu nafsi yake mwenyewe, huku ndugu zake wanamtazama usoni, unamtengeneza mtu wa aina fulani. Kusema kweli kunakuwa mazoea yake. Haogopi sana kuaibika, kwa kuwa alikwisha kuaibika mara nyingi mbele za watu wanaompenda. Naamini ujasiri wa Luwum mbele ya Rais Idi Amin ulianzia katika vikao hivyo vya kuungama wivu na sukari ya kuiba.

Alipewa upadri, akasoma Canterbury na London, akarudi kuongoza chuo cha Buwalasi, na Januari 1969 akawekwa wakfu mjini Gulu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini. Serikali ilihudhuria, na miongoni mwa wageni alikuwamo mkuu wa majeshi, Idi Amin. Miaka miwili baadaye kamili, Januari 1971, Amin alimpindua Rais Milton Obote. Sehemu kubwa ya Kampala ilishangilia barabarani. Kambini mambo yalikuwa mengine: wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliuawa kwa mamia, kisha kwa maelfu. Dayosisi ya Luwum ilijumuisha Acholi na Lango. Wajane wa wanajeshi hao walikuwa waumini wake.

Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, alikamatwa akiwa mahakamani kwake mchana kweupe, hakuonekana tena. Baada ya hapo kila mtu mwenye akili alijua kwamba cheo si kinga. Luwum alichaguliwa Askofu Mkuu mwaka 1974, akijua hayo yote.

Alichofanya katika miaka mitatu iliyofuata kilimletea lawama kutoka kwa Wakristo wenzake. Alihudhuria sherehe za serikali. Alikula mezani pa Amin. Kuna waliosema anaupaka utawala ule mafuta. Wakati huohuo alikuwa akienda mwenyewe katika ofisi za State Research Bureau, idara ya ujasusi ambayo watu walipunguza sauti hata wakiitaja, kuwaulizia watu waliochukuliwa. Mama akija nyumbani kwake Namirembe akilia kwamba mwanawe amefungwa ndani ya buti la gari na kupelekwa kusikojulikana, Askofu Mkuu alivaa joho lake akaenda kuuliza: yuko wapi, ana kosa gani? Mara nyingine mtu aliachiwa. Mara nyingi hakuachiwa. Mwezi Agosti 1976 aliongoza kikao cha viongozi wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu kujadili mauaji nchini, na jambo hilo lilimuudhi Amin, ambaye mamlaka yake yalitegemea watu wa dini hizi kuogopana.

Mimi nawaelewa waliomlaumu, lakini nadhani walikosea. Mchungaji ambaye kondoo wake wako mikononi mwa mbwamwitu hana anasa ya kukaa mbali ili nguo zake zisichafuke. Kilichokuwa muhimu ni kwamba alipoketi mezani pale hakubadilisha maneno. Aliyoyasema Namirembe ndiyo aliyoyasema Ikulu Entebbe.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu hivi, mbwa walibweka nyumbani kwake Namirembe. Alipochungulia alimwona mtu anayemfahamu amesimama mlangoni, ameumizwa. Akafungua, akidhani anaomba msaada. Mtu yule alikuwa ametangulizwa na wanajeshi waliojificha gizani. Waliingia kwa kishindo, wakamwekea Luwum mtutu wa bunduki tumboni, wakamwambia aonyeshe silaha zilipo. Walipekua nyumba nzima, chumba kwa chumba, hadi walikolala watoto, kwa saa kadhaa. Hawakupata kitu.

Maaskofu wakakutana. Tarehe 10 Februari waliandika barua kwa Rais, wakatia sahihi zao, nakala zikawafikia mawaziri. Kwa maoni yangu barua hiyo inastahili kufundishwa katika kila chuo cha uchungaji Afrika Mashariki. Inaanza kwa heshima, kama mtu mzima anavyomwandikia mtu mzima mwenzake. Kisha inataja mambo kwa majina yake. Nyumba ya Askofu Mkuu imevamiwa usiku. Bunduki iliyowekwa tumboni mwake imeelekezwa kwa kila Mkristo. Ikiwa Askofu Mkuu anatendewa hivi, raia wa kawaida atakuwa na usalama gani? Watu wanakufa. Wasomi wanakimbia nchi. Idara ya usalama inamkamata yeyote inayemtaka. Zamani viongozi wa kanisa waliweza kumfikia Rais wakazungumza naye, sasa njia imezibwa.

Ndani yake hakuna tusi, wala wito wa kumpindua mtu. Hakuna pia maneno yale ya kujihami ambayo sisi viongozi wa kanisa tunayapenda mno, ya kusema jambo kwa mafumbo ili likitafsiriwa vibaya tuwe na pa kutokea. Walijua nani atasoma na anaweza kufanya nini. Waliandika hivyohivyo.

Tarehe 14 Luwum aliitwa Ikulu Entebbe, akashutumiwa kwamba anapanga njama na Obote. Asubuhi ya tarehe 16 viongozi wa dini waliitwa Kampala, katika ukumbi wa mikutano ulio pamoja na hoteli ya Nile Mansions. Mkewe, Mary, alimsihi asiende. Alikwenda. Nje kulikuwa na wanajeshi wengi, na silaha zimepangwa chini zionekane. Viongozi wa dini walisimamishwa juani saa nyingi huku maelezo marefu ya tuhuma yakisomwa, na wanajeshi walipoulizwa wafanye nini na wasaliti, walipaza sauti kwamba wauawe. Baadaye maaskofu waliruhusiwa kuondoka, isipokuwa Luwum. Aliambiwa Rais anataka kumwona. Wenzake walikumbuka kwamba aliwageukia akawaambia anauona mkono wa Bwana katika jambo hilo. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alibaki nje na maaskofu wenzake wakimsubiri, mpaka walipofukuzwa kwa mtutu wa bunduki.

Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari walipojaribu kutoroka.

Mwili ulipelekwa Mucwini na wanajeshi, na amri ikawa uzikwe mara moja. Februari ni kiangazi katika nchi ya Acholi, ardhi imekauka na kuwa kama jiwe. Inasimuliwa kwamba kaburi halikuchimbika usiku ule, basi jeneza likalala kanisani. Watu wa kijiji, wengi wao wakulima, walilifungua. Wakaona matundu ya risasi.

Hao wakulima wa Mucwini ni sehemu ya uvumilivu ninaouzungumzia, ingawa majina yao hayamo katika kalenda ya watakatifu. Hawakuwa na bunduki wala redio. Hawakuweza kumrudishia Luwum uhai. Lakini walikataa kuzika uongo pamoja na mtu wao. Ndiyo maana nasema kanisa linalomwambia mama aliyevimba uso avumilie, bila kuuliza nani amempiga, bila kumwita mume mbele ya wazee, bila kumsindikiza polisi au kumtafutia mahali pa kulala salama, halijajifunza uvumilivu wa Kikristo. Linazika jeneza bila kulifungua. Msalaba wa Yesu ulikuwa gharama ya kazi aliyotumwa kuifanya, naye aliubeba kwa hiari yake. Kipigo cha mlevi usiku wa manane hakina kazi yoyote ya Injili ndani yake, na hakuna anayetakiwa kukibeba kwa jina la Kristo.

Jumapili, tarehe 20 Februari, serikali ilikuwa imekataza ibada ya kumbukumbu. Maelfu ya watu walipanda kilima cha Namirembe hata hivyo. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na lilikuwa tupu kwa kuwa mwili haukutolewa. Erica Sabiti, Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, wakati huo mzee aliyestaafu, aliwakumbusha watu walipoliona kaburi tupu maneno ya malaika kwa wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ya Pasaka. Mwaka huo kanisa lilikuwa linajiandaa kuadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike katika ua wa Kabaka Mutesa, mwezi Juni 1877.

Sasa nije kwa Kivengere, maana yeye anatusaidia mahali ambapo habari za mashahidi wa imani huweza kutudanganya. Kivengere alikimbia. Alipoambiwa kwamba anatafutwa, yeye na mkewe Mera walitoka usiku, wakaliacha gari, wakapanda milima ya Kigezi kwa miguu hadi Rwanda. Je, alikuwa mwanafunzi dhaifu kuliko Luwum? Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Yusufu alimchukua mtoto Yesu usiku akakimbilia Misri. Kubaki kuna wakati wake na kuondoka kuna wakati wake, na anayebaki hana ruhusa ya kumcheka anayeondoka. Wakimbizi wanaosoma sura hii wakiwa katika kambi za Nyarugusu au Kakuma wanalijua hili bila mimi kuwafundisha.

Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya pekee ya kumkumbuka Kivengere. Alikuja Dodoma mwaka 1946 akafundisha shule kwa miaka mingi. Alitoka Tanganyika akiwa mhubiri anayejulikana eneo zima.

Uhamishoni alipambana na kitu kigumu kuliko milima. Alimchukia Amin. Alisimulia mwenyewe kwamba siku ya Ijumaa Kuu, akiwa London katika kanisa la All Souls, alipokuwa akisikiliza sala ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha, aliona kwamba chuki inamla na kwamba asipoiachilia hataweza kuhubiri tena. Aliomba msamaha kwa chuki yake. Mwaka huohuo akaandika kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu wengi walikasirika, na nawaelewa; wengine walikuwa hawajazika watu wao. Lakini msomaji anayekifungua akitafuta kisingizio cha kunyamaza hatakipata. Mauaji yametajwa waziwazi. Tabia ya Balokole ilikuwa imerudi: kwanza ungama yaliyo moyoni mwako, kisha sema yaliyotendwa.

Kuna jambo jingine alilolisimulia Kivengere. Tarehe 10 Februari 1973, watu watatu walipelekwa uwanjani Kabale kupigwa risasi hadharani. Watu wapatao 3,000 walikusanywa kutazama. Kivengere, akiwa askofu wa mahali pale, aliomba ruhusa ya kuzungumza nao. Walikuwa na pingu mikononi na minyororo miguuni, na yeye aliwaendea kwa nyuma huku akijiuliza atawaambia nini. Walipogeuka, nyuso zao zilikuwa na furaha aliyoshindwa kuieleza. Mmoja alimshukuru kwa kuja, akasema kwamba tangu akamatwe alimpokea Yesu akiwa mahabusu, na dhambi zake zimesamehewa. Akaomba mkewe na watoto wake waambiwe wasiogope. Wenzake nao wakashuhudia hivyohivyo. Kivengere aliona asiseme mahubiri yake, akayageuza maneno yao katika lugha ya askari ili walioshika bunduki wasikie. Askari walichanganyikiwa hata wakasahau kuwafunika nyuso. Wale watatu waliwapungia watu mikono yenye pingu, wakapigwa risasi.

Hawakuwa maaskofu. Hawakuwa na miaka 20 ya kutembea katika nuru. Walikuwa na majuma machache ya mahabusu. Kwa hiyo, ingawa nimesema kwamba ujasiri wa Luwum ulilelewa kwa miaka mingi, siwezi kusema kwamba aliyechelewa amekosa. Anayejiandaa kwa taratibu huandaliwa, na anayekutwa ghafla Mungu humtosha.

Amin aliondolewa Kampala Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Kivengere alirudi Kabale mwaka huo, akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1988. Lakini ndugu waliodhani kwamba mtihani umekwisha waliona vingine. Wanajeshi wa serikali mpya, wengi wao Waacholi na Walango, walikwenda West Nile, nchi ya kabila la Amin na jirani zake, wakalipiza kisasi kwa wanawake na wazee ambao hawakuwahi kuziona ofisi za State Research Bureau. Mwezi Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci waliuawa humo misheni. Yaliyofanyika kwa Waacholi mwaka 1971 yalirudi, safari hii walioshika bunduki wakiwa ni wana wa wajane wale.

Kanisa, kwa upande wake, lilikuwa limefanya uamuzi mapema kuliko nchi. Mwaka uleule wa 1977, kaburi la Namirembe likiwa bado tupu, lilimweka Silvanus Wani kuwa Askofu Mkuu baada ya Luwum. Wani alikuwa Mkakwa kutoka West Nile, kabila moja na Idi Amin, na aliliongoza kanisa hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo yote, kila Jumapili, katika ibada za Kiacholi huko Mucwini, sala ya kumwombea Askofu Mkuu ilitaja jina la Mkakwa.